Pengo la Miezi Kumi na Minne

Ukutani, juu ya printa, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, na karatasi hiyo ndiyo iliyolifanya duka lile dogo la steshenari lijulikane mtaa mzima. Kichwa chake kilikuwa kwa herufi nene: MAKOSA YA KUEPUKA UNAPOOMBA KAZI. Chini yake zilipangwa namba tisa. Aliyeiandika ni mwanamke aliyekaa nyuma ya kompyuta, ambaye wateja walimwita Mama Taipu. Makosa hayo alikuwa ameyaokota moja moja, kwa miaka kumi na moja, kutoka kwa watu waliorudi dukani na bahasha zilezile mkononi na nyuso zimewashuka.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Asubuhi hiyo alikuwa ameshika picha ya kijana mmoja aliyetaka kuomba kazi ya ulinzi.

"Picha hii ulipigwa wapi?"

"Harusini, dada."

"Naona. Na huyu ambaye bega lake limebaki hapa ni nani?"

"Shemeji yangu. Nimemkata."

"Hujamkata vizuri. Wataona mmeomba kazi wawili."

Benchi zima likacheka, na kijana naye akacheka huku akijikuna shingo. Mama Taipu alimwambia akapige picha nyingine, akamfutia maneno "niko tayari kufanya kazi yoyote ile," kisha akafika kwenye orodha ya kazi alizowahi kufanya. Kulikuwa na mwaka mzima haujaandikwa kitu.

"Mwaka huu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa tu nyumbani."

"Ukila na kulala?"

"Nilikuwa namsaidia mjomba kuuza viatu."

"Basi ulikuwa muuza viatu. Soma namba tano pale ukutani. Usiache pengo. Mtu akiona pengo kwenye karatasi yako, analijaza mwenyewe, na hakuwekei la maana. Anakuwekea jela, ulevi, uvivu."

Alikuwa sahihi. Watu waliofuata zile namba walikuwa wakipata kazi, na baadhi walirudi kumletea soda. Mchana wa siku hiyohiyo aliingia tarishi wa hospitali mpya ya watoto, akataka nakala hamsini za tangazo. Ilihitajika nguvu kazi ya wodini: wahudumu ishirini wa kusafisha, kutandika, kulisha na kugeuza wagonjwa. Elimu ya msingi ilitosha. Mwisho wa umri ni miaka arobaini na mitano. Mama Taipu alitoa nakala hamsini na moja. Ile ya ziada aliisoma yote, kwa sababu namba moja ukutani ilisema hivyo: soma tangazo mpaka mwisho. Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili. Kisha akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

* * *

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili vya kupanga na ukumbi mwembamba uliokuwa jiko. Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa ukumbini akishona shuka lililochanika katikati, akigeuza pembeni kuwe katikati. Mumewe alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, akigonga mguu wa kiti cha jirani. Siku hizi alikuwa mtu wa kutengeneza viti vya majirani, na majirani walikuwa watu wa kusema ahsante.

"Kuna kazi," Mama Taipu alisema hata kabla hajavua viatu. Akalisoma tangazo kwa sauti. Alipofika karibu na mwisho, akalikunja.

Mume aliendelea kushika nyundo. "Hospitali," alisema.

"Si ile. Hii ni nyingine kabisa, mpya, upande wa pili wa mji."

"Wodi ni wodi."

"Kama hutaki, sema."

"Sijasema sitaki."

"Bosi amesema kuanzia mwisho wa mwezi nitalipwa kwa ukurasa. Watu wanajazia maombi kwenye simu zao sasa. Leo nimechapa kurasa tisa. Tisa, siku nzima. Hivi vyumba viwili tutavilipa kwa kurasa tisa?"

Hakuhitaji kusema zaidi. Wakibaki na chumba kimoja, Bibi ingebidi apelekwe kwa mwanawe mwingine, ambaye mkewe hufunga sukari kabatini na kutembea na ufunguo. Bibi aliyajua hayo, na ndiyo maana alikuwa akishona shuka hata zisizochanika.

"Baba Kidege anaijua hiyo kazi kuliko wenye hospitali yao," Bibi alisema bila kuinua macho kwenye sindano.

Bibi alikuwa mtu pekee aliyebaki akilitumia jina hilo. Kwa miaka sita mtaa mzima ulikuwa umewaita Baba Kidege na Mama Kidege, kwa jina la utani la binti yao, aliyekuwa mwembamba na msemaji sana. Baada ya mazishi watu hawakujua waseme nini. Wakaanza na "jirani," kisha mwanamke akawa Mama Taipu hata nje ya duka, na mwanamume, aliyekuwa mtunza ghala la rangi, akawa Mzee wa Rangi. Walifanya hivyo kwa huruma. Lakini kila walipoitwa hivyo, wazazi wale walihisi kama mtoto anazikwa upya.

"Nitaomba," mume alisema. "Utaniandikia?"

"Nani mwingine akuandikie?"

* * *

Jumapili duka likiwa limefungwa, Mama Taipu alichukua ufunguo kwa bosi, wakaingia wawili kwa mlango wa nyuma. Mume aliketi kwenye benchi la wateja, akiwa amevaa shati safi, kana kwamba mahojiano yenyewe ndiyo hayo. Akamtajia shule, mwaka, kazi ya kwanza ya upakiaji, kisha ghala la rangi, miaka kumi na miwili. Vidole vya mke vilikwenda haraka. Chini ya kila kazi kulikuwa na neno "Majukumu," na chini ya neno hilo aliorodhesha: kupokea mzigo, kuhesabu, kutunza daftari, kufunga ghala.

"Uliacha lini?"

"Si unajua?"

"Nataka uniambie, niandike."

"Mwezi wa tano mwaka juzi."

"Halafu?"

"Halafu andika nilikuwa wodini na mtoto. Mpaka mwezi wa saba mwaka jana."

Vidole vilisimama. Ilikuwa miezi kumi na minne. Ugonjwa wa damu ulimkamata Kidege akiwa na miaka mitano, na hospitali kuu ilitaka mzazi mmoja awepo kitandani usiku na mchana. Wa kukaa alikuwa mama. Siku ya tatu wauguzi walitafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto, wakaukosa, wakatafuta tena, na mtoto akawa anamtazama mama yake badala ya kutazama sindano. Mama akasema anakwenda kununua maji. Alikwenda mpaka nyumbani. Kesho yake mume aliomba ruhusa ya wiki mbili ghalani, na wiki mbili zilipokwisha hakurudi kazini, wala hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa maneno. Mke aliendelea kuchapa barua dukani, akifika wodini saa kumi na mbili jioni na chakula kwenye kontena, akiketi upande wa miguu ya kitanda. Miezi ile ilikuwa ya mume na mtoto. Yeye alikuwa mgeni humo, na alilijua hilo vizuri.

"Hilo ni pengo," alisema.

"Si pengo. Nilikuwa na kazi kila saa."

"Karatasini ni pengo. Wataona mtu aliyekaa bure mwaka mzima na zaidi, na sasa anakuja kuwalilia. Namba tisa hiyo: usitafute huruma. Tunasogeza tarehe ya ghalani, basi. Mwezi wa saba mwaka jana, na kuanzia hapo ni fundi viti. Nani atahesabu?"

Mume alitazama karatasi ya ukutani, kisha mgongo wa mkewe. Angeweza kubishana. Lakini aliona jinsi mabega yake yalivyokakamaa, na akafikiri kwamba mtu aliyewaandikia watu barua kwa miaka kumi na moja lazima anajua anachofanya.

"Wewe ndiye fundi," alisema.

Mama Taipu alibadilisha tarakimu mbili tu, mwezi na mwaka, na ile miezi kumi na minne ikatoweka kwenye kioo bila kubakiza alama. Printa ikalia, ikatoa ukurasa wenye joto. Mume akatia saini mahali palipoandikwa kwamba anathibitisha yote yaliyomo ni kweli.

"Na ukiitwa," mke alisema akiweka karatasi kwenye bahasha, "kumbuka namba saba. Ya mdomoni yafanane na ya karatasini."

* * *

Aliitwa. Bosi wa dukani alimwazima koti, akisisitiza lirudi kabla ya saa kumi kwa kuwa jioni alikuwa na kikao. Mikono ya koti ilikuwa mifupi, ikabidi mwanamume akae kwenye korido ya hospitali amekunja viwiko ili isionekane. Walibandikwa namba vifuani. Yake ilikuwa thelathini na moja. Aliyekuwa na thelathini na mbili ni mama mmoja mnene aliyewahi kuwa yaya, ambaye alikuwa akijipepea kwa bahasha na kusema na kila mtu.

"Baba, hilo koti lako limefuliwa na maji ya moto?"

"Limeazimwa," alisema, na wote wawili wakacheka, na roho yake ikatulia kidogo.

Walipoitwa, mlango uliachwa wazi ili anayefuata asimame tayari kizingitini. Ndani kulikuwa na matroni mwenye miwani, afisa utumishi aliyezungukwa na mafaili, na kitanda kimoja. Kitandani alilazwa mwanasesere mkubwa wa mpira, urefu wa mtoto wa miaka sita.

"Badilisha shuka bila kumtoa mgonjwa kitandani," matroni alisema. "Una dakika kumi."

Mwanamume alivua koti, akalitundika. Akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Kisha akainama karibu na sikio la mwanasesere.

"Tunageuka kidogo, sawa? Upande wa dirishani. Moja, mbili."

Akamgeuza kwa mkono mmoja begani na mwingine nyongani, akakunja shuka chafu mpaka mgongoni, akalitandaza safi nyuma yake, akamrudisha, akavuta upande wa pili. Makunyanzi aliyanyoosha kwa nyuma ya kiganja, kwa kuwa mgongo wa mtoto aliyelala muda mrefu unaweza kuchubuliwa hata na mkunjo wa shuka. Zilipita dakika nne. Matroni alikuwa ameacha kuandika.

"Hicho kidole ulichoweka shavuni kwake muda wote, ulikuwa unashika nini?"

Alikitazama kidole chake. "Mrija, matroni. Wa puani. Ukimgeuza unachomoka."

"Hapa hakuna mrija."

"Ndiyo. Samahani. Ni mazoea."

"Mazoea ya wapi?" Matroni alifunua faili. "Hapa wewe ni mtu wa ghala la rangi. Na kupasha mikono joto, nani alikufundisha?"

Alikumbuka namba saba. "Nimejifunza nyumbani tu," alisema.

Afisa utumishi alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa amehoji watu thelathini tangu asubuhi. "Mzee, jana tulipiga simu ghalani kwako. Wanakusifu sana. Lakini wanasema uliacha kazi mwezi wa tano mwaka juzi. Wewe umeandika mwezi wa saba mwaka jana. Hiyo ni miezi kumi na minne. Ulikuwa wapi?"

Alinyoosha tena ukingo wa shuka.

"Usione haya. Kama ulikuwa ndani, sema. Wapo waliotoka gerezani na wanafanya kazi vizuri. Tatizo ni kuficha."

Nyuma yake, kizingitini, bahasha ya yule mama ilikuwa imeacha kupepea. Mwanamume alimtazama mwanasesere, aliyekuwa ametandikwa vizuri mpaka kidevuni.

"Nilikuwa wodini," alisema. "Hospitali kuu, wodi namba nne. Nilikuwa namuuguza binti yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akilalamika kwamba mikono yangu ni baridi."

"Anaendeleaje sasa?" afisa aliuliza, kwa ile adabu ya mdomo inayotangulia akili.

"Alifariki mwezi wa saba."

Matroni alivua miwani. Akachukua tangazo kutoka kwenye rundo, akalisogeza mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hukusoma hapa? 'Aliyewahi kumuuguza mtoto kwa muda mrefu, hata kama ni wake mwenyewe, atafikiriwa kwanza.' Niliuandika kwa mkono wangu. Niliwaandikia watu kama wewe."

Mwanamume aliusoma mstari ule taratibu. Alikumbuka jinsi mkewe alivyolikunja tangazo kabla ya kumaliza, na mabega yake siku ya Jumapili. Akaelewa yote. Hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa kizito kuliko hasira.

"Nani alikuandikia maombi haya?" matroni aliuliza.

"Niliandika mwenyewe."

"Na saini hii, kwamba yote ni kweli?"

"Ni yangu."

Matroni alimgeukia afisa. Walinong'ona kwa muda. Afisa alitikisa kichwa, akaonyesha saini, akataja mkaguzi, akatikisa kichwa tena. Mwishowe matroni alivaa miwani, na macho yake nyuma ya vioo yalikuwa yamelowa.

"Ningekuchukua leo hii, baba. Lakini tukishaona taarifa ya uongo mikono yetu imefungwa. Laiti ungeandika."

"Nashukuru," alisema. Akachukua koti. Kabla ya kutoka alirudi hatua moja, akaweka sawa mto wa mwanasesere uliokuwa umeteleza.

* * *

"Ulimwangalia machoni?" Mama Taipu aliuliza jioni, akiwa bado na mkoba begani.

"Nilimwangalia."

"Hukumsema vibaya bosi wa zamani?"

"Sikumsema."

"Ulifika mapema? Hukukaa kabla hujaambiwa ukae?"

"Niliyafuata yote," mume alisema. Alikuwa akigonga mguu wa kiti kilekile. "Wamechukua wenye vyeti. Walikuwa wengi wenye vyeti."

"Tangazo lilisema elimu ya msingi."

"Si unawajua watu. Wanasema hivi, wanafanya vile."

Mke alikaa kitandani akashika tama. Alipitia namba zote tisa kichwani, akatafuta kosa, hakuliona. Alianza kuwalaani watu wa hospitali, uongo wao, vyeti vyao, na mume alimwacha awalaani. Bibi alikuwa ameanza kukunja nguo zake, zile asizozivaa mara kwa mara, na kuzipanga kwenye mfuko wa plastiki. Mwanawe alimwona. Akauchukua ule mfuko, akazitoa nguo moja moja, akazirudisha kwenye sanduku. Bibi akamwacha afanye. Kesho yake asubuhi nguo zilikuwa kwenye mfuko tena.

* * *

Wiki iliyofuata aliingia dukani mama mmoja mnene, akijipepea, akitaka nakala nne za cheti cha kuzaliwa na mbili za kitambulisho. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa na furaha ya kumwagika.

"Nimepata kazi, mwenzangu. Hospitali ya watoto. Jumatatu naanza."

"Hongera," Mama Taipu alisema akipanga vyeti kwenye mashine. "Una cheti gani?"

"Cheti? Mimi? Nilikuwa yaya. Hata barua niliandika kwa mkono, sikuwa na hela ya kuchapisha. Niliwaambia tu nilimuuguza mwanangu wa mwisho miaka miwili mpaka akapona, basi. Si ndivyo tangazo lilivyotaka? Mstari wa mwisho kabisa." Akasogeza kiti. "Lakini nikwambie, hii kazi naichukua na moyo unaniuma. Kulikuwa na baba mmoja mbele yangu, wa koti fupi, yeye namba thelathini na moja, mimi thelathini na mbili. Ungemwona akitandika kile kitanda. Alikuwa anasema na mwanasesere kama anasema na mtu. Matroni alilia, nimeona kwa macho yangu. Kumbe alikaa wodini mwaka na zaidi na mtoto wake, mtoto akafariki, na kwenye maombi hakuandika. Waliandika uongo hapo, tarehe sijui za wapi. Wakamnyima."

Mashine ilikuwa imemaliza. Mwanga wake ulikuwa umezimika na Mama Taipu bado alikuwa ameushika mfuniko.

"Wakamuuliza, nani alikuandikia? Mimi nikajua tu ni mtu mwingine. Maandishi yale yalikuwa ya fundi. Akasema, niliandika mwenyewe. Hivyohivyo, bila kupepesa." Yule mama akatikisa kichwa. "Aliyemwandikia, Mungu amsamehe. Niwie radhi, ni ngapi jumla?"

"Nenda tu," Mama Taipu alisema. "Umepata kazi. Nenda."

Alipobaki peke yake hakulia mara moja. Alikaa. Alikuwa ameusoma mstari ule, mara mbili. Alijua siku ile ulimaanisha nani, na aliukunja. Alikuwa amejiambia ni sheria ya namba tano, na aliiamini kabisa sheria hiyo alipokuwa akiifuata. Lakini ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu: hakuweza kuiandika miezi ile. Kuandika kwamba baba alikuwa kitandani kungekuwa kuandika kwamba mama hakuwepo. Kwa hiyo aliifuta, na akaifuta kazi, na nyumba ya Bibi, na mume akaubeba uongo wake mbele ya watu wenye mafaili, akarudi akamwambia habari za vyeti.

Alifungua faili la mumewe kwenye kompyuta. Akarudisha tarehe ya ghalani mahali pake. Chini yake akaandika: "Mwezi wa tano mwaka juzi hadi mwezi wa saba mwaka jana: Muuguzi wa mtoto, wodi namba nne." Akashuka mstari. Akaandika "Majukumu." Akasubiri, vidole juu ya kibodi, naye alikuwa mwanamke aliyeweza kujaza majukumu ya mpiga rangi, dereva, karani na mlinzi bila kuuliza. Hakujua aandike nini. Saa kumi kamili alizima kompyuta, akamwambia bosi anaumwa, akachukua karatasi na kalamu.

* * *

Aliwakuta wote wawili ukumbini. Mfuko wa plastiki wa Bibi ulikuwa kando ya mlango. Mama Taipu aliketi chini, mbele ya kiti cha mumewe, akaweka karatasi juu ya goti.

"Nimekutana na namba thelathini na mbili," alisema.

Mume aliweka nyundo chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Ulikuwa unajua kwamba ni wewe," alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko kama angempiga. "Nilitaka usijue kwamba na mimi najua."

Alilia hapo. Alilia vibaya, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia makaburini, na Bibi alimshika kichwa akamlaza mapajani. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja na kuokota kalamu.

"Niambie ulikuwa unafanya nini. Kila siku, toka asubuhi. Naandika."

"Ile kazi imeshapita, mke wangu."

"Najua imepita. Niambie."

Mume akaanza. Mwanzoni alisema kama anatoa taarifa: saa kumi na moja alfajiri kumpima joto, saa kumi na mbili kumfuta mwili kwa kitambaa, miguu mwisho. Kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kusukuma maziwa kwenye mrija polepole, kwa kuwa akiyasukuma haraka yalirudi. Kisha akaacha kutoa taarifa. Alimwambia jinsi Kidege alivyowapa majina madaktari, na yule mwenye tumbo akawa Bwana Mto. Jinsi alivyotaka nywele zilizodondoka ziwekwe kwenye bahasha, zisipotee. Jinsi kitanda cha tatu kilivyokuwa na mtoto asiye na mtu, na Kidege akamkopesha baba yake kwa zamu. Mke aliandika yote. Mengine alicheka akiandika. Bibi naye alicheka, akataka kirudiwe kile kisa cha Bwana Mto.

Ukurasa ulikuwa umejaa alipouliza, bila kuinua kichwa, "Na mimi alikuwa akiniulizia?"

Mume aliwahi kumdanganya juu ya vyeti na angeweza kumdanganya tena, na Bibi alimtazama kwa macho ya kumwomba afanye hivyo.

"Kila siku," alisema. "Dawa ya mchana ikiisha."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mama yupo kazini. Anawaandikia watu barua ili wapate kazi."

"Akasemaje?"

"Alisema ukimaliza za watu, umwandikie na yeye."

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Nje mtu alikuwa akipita, akabisha hodi ya kuulizia kiti chake, na hakuna aliyemjibu. Mama Kidege aligeuza ile karatasi upande wa pili, uliokuwa mtupu, akailaza vizuri juu ya goti.